Mwaka wa Picha Sita

Siku tuliyomzika Mama Kiprono, mvua ya mawe ilikuwa imepita asubuhi, na majani chai ya shamba lake yalikuwa yametobokatoboka kama nguo iliyoliwa na mende. Walinipa kiti mbele, karibu na familia, na jambo hilo lilinitia haya kwa sababu mimi si wa familia, na kila mtu pale Kimulot anajua. Jina langu ni Akoth na watu wangu ni wa ziwani. Baada ya maombi ya mwisho, Kiprono, mtoto wake wa kwanza ambaye sasa naye ana kitambi na miwani, alinitoa kwenye hema akaniambia, "Anti, ingia kwa nyumba ukunywe chai. Hapa nje baridi itakuua." Nikaingia sebuleni. Viti vilikuwa vilevile vya mbao, vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono. Picha za familia zilikuwa zimetundikwa juu kabisa karibu na dari, mahali ambapo hakuna mtu anayeziona vizuri. Kule pembeni, juu ya meza ndogo, kulikuwa na kitu chenye mgongo mkubwa kilichofunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi. Nilikitambua kabla sijakifunua. Niliketi mbele yake na kikombe mkononi, nikashindwa kunywa.

Watu wa rika langu wakiulizwa ni mwaka gani uliowafanya kuwa walivyo, hutaja ndoa, au mtoto, au msiba. Mimi hutaja mwaka niliobadilisha picha sita kwenye kompyuta, na wanangu hucheka mpaka wanashika mbavu. Wao hubadilisha picha za simu zao kila wiki, leo paka, kesho gari, na hakuna mtu anayewauliza kitu. Huwaambia wacheke tu. Hawajawahi kuamka wakakuta picha ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba imekaribia kuwafukuza mahali wanapokula na kulala.

Ofisi ilikuwa ya chama cha wakulima wadogo wa majani chai, nyumba ya mbao yenye chumba kimoja cha meneja, Bwana Bett, na kimoja cha sisi makarani wawili: Mama Kiprono, aliyekuwepo tangu chama kianzishwe, na mimi niliyekuwa bado kwenye majaribio. Chumba chetu kilinuka gambuti zenye maji na majani mabichi yaliyosahauliwa mifukoni. Wakulima walisimama nje, kwenye dirisha lenye wavu, wakisubiri stakabadhi za kilo zao, na kwa kuwa jua la asubuhi liliingia mlangoni likapiga kwenye skrini na kutuzuia kusoma, tulikuwa tumeigeuza kompyuta ikatazama upande wa dirisha hilo. Kwa hiyo kila aliyekuwa kwenye foleni aliona tulichokiona. Wakati ule sikulitilia maanani. Kompyuta yenyewe ilikuwa imenunuliwa ikiwa imetumika, na kijana mmoja kutoka Soin ndiye aliyeiwekea ule mfumo wa bure usiohitaji leseni. Aliandika programu ya kupokea kilo za kituo kimoja, kisha badala ya kujisumbua akainakili mara sita, moja kwa kila kituo cha kununulia majani. Halafu akapata kazi kwingine na simu yake ikawa haipatikani.

Sasa picha zote sita pale kwenye uso wa kompyuta zilikuwa gurudumu moja la kijivu lenye meno, na majina chini yake yalikuwa marefu mno, yakakatwa yote mahali pamoja: Kituo cha majani ch, kisha vinukta vitatu. Huwezi kujua kipi ni kipi mpaka ukifungue. Mama Kiprono alijaribu kukariri nafasi zao, ya kwanza juu kushoto, ya pili chini yake, lakini umeme ukipotea na kurudi zilijipanga upya zilivyotaka. Siku moja aliingiza kilo za kituo cha chini kwenye kituo cha msituni, na wanawake wa chini wakaja dirishani na vikapu mgongoni kuuliza majani yao yamekwenda wapi. Alirekebisha, na walipoondoka akaipiga ile kompyuta kofi mgongoni. "Hii kitu inanifanya mwizi," akasema. Hakuwa mtu wa kulalamika. Nilimwona usoni kwamba imemuuma.

Nilikuwa nimepanga chumba kwake, nyuma ya jiko, na kila jioni tulikula pamoja kabla giza halijaingia vizuri. Aliita ugali kimyet na alikuwa akiusonga mgumu hadi mwiko unasimama. Pembeni kulikuwa na mboga chungu za isageek zilizolala usiku kwenye maziwa, na siku nzuri alitoa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, akakitikisa, akanimiminia bila kuniuliza. Hakuwa na maneno matamu. Akiona nimeacha chakula alisema, "Unataka nipeleke kwa nani, ng'ombe?" Nilimpenda na nilimwogopa kwa kipimo kimoja. Na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Wenzangu wa ziwani waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai walikuwa wameanza kupeleka magodoro na masufuria nyumbani mapema, kama walivyozoea kila uchaguzi ukikaribia. Waliniuliza mimi nasubiri nini. Niliwaambia nasubiri majaribio yaishe nithibitishwe kazini. Ukweli ni kwamba nilitaka kubaki. Nilipenda ukungu wa asubuhi ukiwa umelala juu ya majani, nilipenda kazi ile, nilipenda hata ugali mgumu, na nilijua kwamba nikiondoka mwaka kama ule sitarudi.

Wiki moja Mama Kiprono akaenda Sigor kwa arusi ya binti wa dada yake, akaniachia ofisi, nikaamua kwamba akirudi atakuta nimemtengenezea kompyuta. Nilijua kidogo tu. Nilibonyeza gurudumu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ikashuka orodha ya maneno, nikachagua sehemu ya sifa, na dirisha dogo likafunguka lenye lile gurudumu juu kushoto. Nikaligusa hivihivi. Kumbe nalo lilikuwa mlango! Kompyuta ikaniuliza nataka picha gani na kutoka wapi. Hapo ndipo nilipotea kwa furaha. Kulikuwa na folda iliyoitwa usr, ndani yake share, ndani yake icons, na ndani ya hiyo kulikuwa na folda kwa ukubwa wa picha, za kumi na sita, za thelathini na mbili, za arobaini na nane, na kila moja imejaa mikasi, bahasha, saa, balbu, vitu vya ofisi visivyo na uso. Nilijaribu kuweka mkasi kwenye kituo cha kwanza na bahasha kwenye cha pili, nikaona havikumbukiki. Nikaendelea kuchimba mpaka nikaangukia folda ya mchezo wa watoto wa kujifunza kuhesabu, ambao yule kijana wa Soin aliuacha humo bila kuufuta. Wanyama wake walikuwa wazuri, wenye rangi, wamenyooka. Nikampa kituo cha chini simba, kituo cha msituni tembo, cha darajani nyani, cha kanisani nyuki, cha shule chura, na cha juu kabisa, kwa kuwa nilitaka kitu kinachong'aa, nikakipa jua. Nikakaa nikaviangalia kwa mbali. Nilijiona fundi wa kweli.

Siku ya kwanza walicheka. Bibi mmoja alipofika dirishani aliuliza, "Hiyo chura ni ya nini?" nikamwambia ni kituo cha shule, akacheka akafunika mdomo kwa kanga. Siku ya pili kicheko kilipungua. Wanaume wawili waliinama kwenye wavu wakasoma skrini kwa muda mrefu kuliko stakabadhi zao zilivyohitaji, wakaongea Kipsigis kwa sauti ya chini, wakaondoka bila kuaga. Siku ya tatu akaja Mzee arap Ng'eny. Huyu alikuwa mjumbe wa kamati kutoka kituo cha chini, mtu mrefu wa koti la mvua na kofia ya kanisa, na kulikuwa na uchaguzi wetu wenyewe wa kamati uliokuwa unakuja, mbali na ule mkubwa wa taifa. Hakuomba stakabadhi. "Msichana, nani amekuambia kituo chetu ni ya simba?" Nikamjibu kwa tabasamu kwamba nimechagua mwenyewe, ni picha tu. "Ulichagua wewe mwenyewe," akarudia polepole. "Hakuna mtu alikutuma?" Nikasema hakuna. Akaangalia ile safu ya picha mara nyingine, akaangalia uso wangu, akaenda.

Mama Kiprono alirudi kutoka Sigor jioni hiyo na mfuko wa mahindi. Habari ilikuwa imemfikia hukohuko, arusini. Hakuketi. Alisimama mlangoni mwa jiko akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza kwa majivuno yaliyokuwa yanapungua kila sentensi. Alipofahamu, akakaa kwenye kigoda, akashika kichwa. "Akoth, kila ukoo yetu iko na mnyama wake. Tunaita tiondo. Kuna watu wa simba, kuna wa tembo, kuna wa nyani, wa nyuki. Hata jua ni ya watu. Mtu wa simba hawezi oa mtu wa simba. Mimi mwenyewe ni wa chura." Nikasema sikujua. "Najua hukujua. Lakini kituo ya chini imejaa watu wa kila ukoo, na arap Ng'eny ni mtu wa tembo. Sasa watu wanaona ofisi imesema hiyo kituo ni ya watu wa simba. Anaona umeletwa kuambia watu wapige kura kwa nani." Kisha akasema lile jambo ambalo yeye mwenyewe lilimshinda kulitamka vizuri. "Na wengine wanasema unaweka alama."

Neno hilo nililijua. Miaka ya nyuma, kabla sijafika kule, kulikuwa na msimu wa uchaguzi ambapo alama mlangoni ilikuwa na kazi moja tu, kuonyesha nyumba ya kuchomwa, na watu wa kwetu waliusimulia kwa sauti ya chini hata wakiwa peke yao. Nami, mtu wa ziwani, nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta ya wenyeji nikigawa wanyama wao. Asubuhi yake nilikimbilia ofisini nikarudisha magurudumu ya kijivu yote sita kabla dirisha halijafunguliwa. Nilidhani nimeuzima moto, kumbe nimeumwagia mafuta ya taa. Wa kwanza kwenye foleni aliangalia skrini akasema kwa wenzake, kwa Kiswahili ili nielewe, "Mmeona? Ameficha." Kama ni picha tu, mbona niziondoe? Siku hiyo nzima hakuna aliyechukua stakabadhi kutoka mkononi mwangu. Walisubiri Mama Kiprono awape yeye, hata kama ni mimi niliyeichapisha, na alipokwenda msalani walisimama tu wakitazama juu ya kichwa changu.

Ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa wa mbao zilizopishana. Wageni walianza kuja jikoni wakati wa chai ya jioni, kwa sauti za kistaarabu mwanzoni, kisha sauti zikapanda. Kipsigis changu kilikuwa cha kuomba chumvi na kusalimia. Nilikaa kitandani na viatu miguuni nikisikia neno kompyuta, neno tiondo, kisha jina langu, kisha kimya, kisha jina langu tena. Sauti ya Mama Kiprono niliisikia kidogo sana. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu mwanamke yule alikuwa na jibu kwa kila mtu. Wageni walipoondoka aliniletea sahani yangu chumbani, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Kula hapa leo," akasema. Nikamwuliza wanataka nini. "Wanataka uende. Bett ameita mkutano Jumamosi." Nikamwuliza yeye anataka nini. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Mimi nataka ule chakula iishe."

Ijumaa asubuhi nilipofungua mlango kwenda kuoga, mlango ulikuwa umechorwa upande wa nje. Samaki. Amechorwa kwa makaa, mrefu kama mkono wangu, mkia wa pembe tatu, jicho moja la mviringo. Nilisimama na ndoo ya maji mkononi mpaka mkono ukafa ganzi. Niliogopa. Sina haja ya kupamba. Nilimwita Mama Kiprono kwa sauti ambayo sikujua ninayo, akaja na kanga ya jikoni, akamwona samaki, akasema neno moja la Kipsigis ambalo bado sijapata mtu wa kunitafsiria. Alileta jivu na maji na kitambaa akausugua mlango mwenyewe, kwa hasira, akinikataza kumsaidia. Lakini makaa yalikuwa yameingia kwenye nyuzi za mbao. Kivuli cha samaki kilibaki, nami nilikiona kila nilipofunga na kufungua. Niliyatoa masanduku yangu chini ya kitanda nikaanza kukunja nguo. Nikazikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Mkutano ulifanyika palepale ofisini, wengine ndani, wengi nje wakisikiliza dirishani. Bwana Bett, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi na ujasiri kidogo, alisema chama kinaheshimu kila ukoo, na kwa ajili ya amani ameona ni heri karani mpya apumzishwe. Alisema apumzishwe kana kwamba nimechoka. Mama Kiprono akainuka. "Mimi ndiye niliweka kilo ya watu wa chini kwa watu wa msitu," akasema. "Si yeye. Mimi. Kwa sababu hizo picha zote zilikuwa moja na macho yangu si ya mchawi. Huyu alitaka kunisaidia. Kama mnafukuza mtu kwa hiyo kosa, nani ataanza kwenda?" Mtu akasema nje, basi wabadilishe. Wakanikalisha mbele ya kompyuta, wote wakiangalia skrini, nami mkono kwenye kipanya ukiteleza kwa jasho. Nilipendekeza rangi: nyekundu, buluu, kijani. Kelele zikalipuka, kwa kuwa kila rangi mwaka ule ilikuwa ya chama fulani cha siasa, na hakuna kituo kilichotaka kuvaa shati la mwenzake. Nikapendekeza namba. Arap Ng'eny akauliza ni nani atakuwa moja na nani atakuwa sita, na kwa nini. Nikafungua folda za mikasi na bahasha. Mwanamke mmoja akasema yeye hawezi kuwa mkasi. Mahali pengine ningecheka mpaka nilie. Pale nilitaka tu ardhi ifunguke.

Ndipo arap Ng'eny akaja akasimama nyuma ya kiti changu, karibu mno, nikasikia harufu ya koti lake lenye maji. "Shida si picha," akawaambia wote. "Shida ni huyu hajui vituo yetu. Hajawahi fika hata moja. Anakaa hapa anatuchagulia mnyama. Mwambie aende aone, kila moja, na miguu yake. Arudi na picha ya kituo yenyewe. Akiogopa kwenda, basi tumejua." Akaniinamia. "Utaenda?" Bwana Bett alianza kusema kwamba hali ya usalama, mwaka wenyewe, lakini nilikuwa nimeshasema ndiyo. Sikusema kwa ujasiri. Nilisema kwa sababu mlango wa pili ulikuwa ni kurudi kwa masanduku yangu.

Bwana Bett alinipa kamera ya ofisi, na Mama Kiprono akanipa gambuti zake kwa kuwa zangu zilikuwa zimepasuka. Hakuja nami. "Nikikuja watasema nimekubeba," akasema. Nilitembea kwenye vijia kati ya majani chai, yale majani yaliyokatwa sawa utadhani meza ndefu isiyoisha, na wachumaji walinyanyua vichwa kutoka upande mmoja na mwingine wakanifuata kwa macho mpaka nipite. Nilisalimia kila mtu, "Chamgei," na si wote walioitikia. Katika kituo cha msituni mbwa walifunguliwa. Labda walifunguliwa tu kama kila siku, lakini sikujua, na nilisimama wima kama kigingi mpaka mwenyewe akawaita. Kituo cha shule walinipa ndizi. Kila kituo kilikuwa banda la mabati juu ya nguzo, mizani ya ndoano ikining'inia katikati, na meza ya kumwagia majani. Moyo ulinishuka nilipoangalia picha nilizokwisha kupiga. Zilikuwa moja! Nilikuwa nimetembea milima na mabonde yote yale ili nirudi na magurudumu sita ya kijivu.

Kituo cha chini nilikiacha mwisho. Lori la kubeba majani lilikuwa limefika, vijana wamekaa juu ya magunia, wanawake wamepanga foleni na vikapu, na arap Ng'eny alikuwa amesimama kando ya mizani akinisubiri. Hakunisalimu. Mbele ya watu wote akauliza, "Na wewe, msichana, tiondo yako ni gani?" Nikamwambia, "Sisi hatuna, Mzee." Akasema kila mtu ako na yake. Sijui maneno yaliyofuata yalitoka wapi. Hofu ilikuwa imenichosha, nafikiri, ikageuka kuwa hasira. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka juu ya lori, "Basi yangu ni samaki. Kuna mtu alinichorea kwa mlango, na makaa." Wanawake waliacha kuongea. Yeye hakutikisika, ila uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hilo hakuwa analijua. "Nani alichora?" "Sijui, Mzee." Akageuka akawaangalia wale vijana wa lori, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akawaambia kitu kwa Kipsigis, kifupi na kikavu, na vijana wote wakaangalia miguu yao. Aliponirudia alikuwa anafunga vifungo vya koti. "Piga picha," akasema. "Si hapo. Simama hapa. Hapo mti inaficha mabati yetu."

Nilizipunguza picha zikafika ukubwa ule wa arobaini na nane, nikaziweka kwenye folda, nikaziunganisha moja moja na vituo vyake, na Jumatatu tukafungua dirisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka alama ya kalamu kiganjani nisivichanganye. Mkulima wa kwanza akainama kwenye wavu akasema papo hapo, "Hiyo ya pili ni yetu, hiyo mabati ilikunjwa na upepo." Aliyefuata akaionyesha yake kwa nguzo iliyoinama. Bibi wa kituo cha shule alisema banda lao lina kivuli cha mkuyu asubuhi, na kweli kilikuwepo, doa jeusi dogo ambalo sikuwa nimeliona. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Mama Kiprono pia hakukosea, tangu siku hiyo mpaka mashine ilipostaafu. Ni mimi tu niliyekuwa naona mabanda sita yaliyofanana, na nilikaa pale dirishani wiki nzima nikifundishwa na foleni jinsi ya kutazama. Arap Ng'eny alikuja karibu na saa ya kufunga. Aliangalia skrini, akaangalia kituo chake, akanyoosha mkono kwenye wavu. "Leta stakabadhi yangu," akasema, nami ndiye niliyempa, na akaichukua kutoka mkononi mwangu.

Uchaguzi ulipita na wasiwasi wake. Kulikuwa na siku ambazo Mama Kiprono alifunga lango la nje kwa mnyororo na kulala na tochi, na hakunieleza kwa nini wala sikumuuliza. Godoro langu halikwenda popote. Nilithibitishwa kazini mwezi uliofuata. Katika wiki ya kwanza ya utulivu nilifungua programu ya kuchorea, na kwa kipanya kinachorukaruka nikamchora samaki yule: mrefu, mkia wa pembe tatu, jicho moja. Nikamweka awe picha yangu ya kuingilia, ile inayotokea kando ya jina lako kompyuta ikiwashwa. Mama Kiprono alipomwona aliinama karibu na skrini. "Huyu ni wa mlango," akasema. Nikamwambia ndiyo, sasa ni wangu. Akamtazama tena. "Jicho ni kubwa sana," akasema, akaendelea na kazi. Niliendelea kufanya kazi pale mpaka nilipoolewa na kuhamia mjini Kericho, na baada ya hapo tulionana mara chache kuliko tulivyopaswa.

Chai yangu ilikuwa imepoa Kiprono alipoingia sebuleni na birika. Aliniona natazama kitambaa cheupe. Akasema chama kilimpa mama yake ile kompyuta alipostaafu, badala ya kuitupa, na kwamba kila Jumapili baada ya kanisa aliiwasha, akaifuta vumbi, akaizima. "Iwashe, anti, bado inaamka." Nikatoa kitambaa nikakikunja. Ilinguruma, ikanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani imekufa, kisha skrini ikaanza kung'aa pole pole kutoka katikati. Majina mawili. La juu lilikuwa la Mama Kiprono, na kando yake chura, yule yule wa mchezo wa watoto, ambaye alijichagulia mwenyewe bila kuniambia. La chini lilikuwa Akoth, na kando yake samaki mwenye jicho kubwa.

"Hiyo yako nilimwambia miaka mingi tuitoe," Kiprono akasema nyuma yangu. "Imekaa tu, hakuna mtu anatumia. Akakataa kabisa."

Nikamwuliza alisemaje.

"Alisema, 'Akoth hajahama. Ametoka tu.'"

Nililia hapo, mimi ambaye sikulia kaburini, kwa sauti, bila kujali waliokuwa mlangoni. Kisha nikavuta kiti chake, nikambonyeza samaki, na kompyuta ikaniuliza neno la siri. Nilikuwa bado nalikumbuka.